Hatari Iliyojulikana, Habari Iliyochelewa: Funzo la Mifumo ya Kijeshi kwa Utumishi wa Umma

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakuu wa idara, maafisa wa ununuzi na wahudumu wa teknolojia ya habari katika kaunti. Yanachapishwa hapa ili wafanyakazi walio mashinani na wananchi kwa jumla wayasome pia.



Mada ya leo ni udhibiti wa hatari wakati wa kubuni na kuunda mifumo ya habari ya kijeshi. Huenda kuna atakayeuliza: kaunti haina jeshi, haina rada wala makombora, mambo haya yanaihusu vipi? Ni kweli ulinzi wa nchi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini kuna sababu mbili za kuichagua mifano hii. Kwanza, jeshi la Marekani lilikuwa miongoni mwa taasisi za mwanzo duniani kujenga mifumo mikubwa ya kompyuta, kwa hivyo lilikumbana mapema na matatizo ambayo wengine wamekuja kuyaona baadaye. Pili, mambo yanapoharibika, wachunguzi huandika ripoti, na nyingi huchapishwa hadharani. Ripoti hizo zinaonyesha nani alijua nini, siku gani, na alifanya nini.

Mtu akizisoma atashangaa jinsi makosa yenyewe yalivyo ya kawaida. Saa iliyopotoka kidogo. Sifuri iliyoandikwa mahali pasipofaa. Data ya mafunzo iliyochanganywa na data ya kweli. Skrini iliyoonyesha kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika. Ni makosa yanayoweza kutokea katika zahanati, katika ofisi ya mapato au katika bohari ya vifaa.

Jambo moja linajitokeza kuliko mengine, na ndilo kiini cha mazungumzo haya. Katika kisa kikubwa zaidi kati ya vitakavyosimuliwa leo, hitilafu iliyoua watu ilikuwa tayari inajulikana. Kilichokosekana ni kumfikishia habari hiyo yule aliyekuwa akiutumia mtambo, kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi, kabla wakati haujapita.

Dhahran, Februari 1991

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, siku chache kabla ya Vita vya Ghuba kusitishwa, kombora la aina ya Scud lilirushwa kutoka Iraq kuelekea Dhahran, mashariki mwa Saudi Arabia. Liliangukia ghala lililokuwa limegeuzwa malazi ya wanajeshi wa Marekani. Wanajeshi 28 walifariki na karibu 100 wakajeruhiwa. Kati ya waliofariki, 13 walitoka katika kikosi kimoja kidogo cha akiba cha Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Kazi ya kikosi hicho ilikuwa kusafisha maji ya kunywa, nacho kilikuwa na siku sita tu tangu kiwasili.

Eneo hilo lilikuwa likilindwa na mtambo wa Patriot, ambao kazi yake ni kugundua kombora la adui angani na kulirushia kombora jingine la kuliangusha. Usiku huo mtambo ulikuwa umewashwa na wahudumu wake walikuwa kazini. Hata hivyo, haukurusha chochote.

Afisi ya uhasibu ya bunge la Marekani, GAO, ilichunguza na kutoa ripoti yake Februari 1992. Chanzo kilikuwa jinsi programu ya kompyuta ilivyohesabu wakati.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Ili kuelewa kilichotokea, hakuna haja ya kuwa mhandisi. Rada ya Patriot ikishaona kitu angani, kompyuta hupiga hesabu ya mahali kitu hicho kitakapokuwa punde baadaye. Kisha rada huangalia eneo hilo dogo tu. Kikionekana pale, huendelea kufuatwa hadi kishambuliwe. Kisipoonekana, kompyuta huchukulia kwamba kilichoonekana mwanzo hakikuwa kitu.

Hesabu hiyo hutegemea kasi ya kombora na wakati. Saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde tangu mtambo ulipowashwa. Kompyuta, kama mjuavyo, huandika namba kwa kutumia 0 na 1 peke yake, na kwa maandishi hayo moja ya kumi haina mwisho, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho katika hesabu zetu za shuleni: 0.333 na kuendelea. Kompyuta ya Patriot, ambayo muundo wake ni wa miaka ya 1970, ilikuwa na nafasi ya tarakimu 24 tu. Mkia wa namba ukakatwa. Kilichopotea katika kila sehemu ya kumi ya sekunde kilikuwa karibu sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Muuza maziwa akipunja tone moja katika kila kikombe, hakuna mteja atakayegundua asubuhi hiyo. Lakini tone kwa tone hujaza ndoo. Kwa mujibu wa ripoti ya GAO, mtambo ukikaa saa 8 bila kuzimwa, eneo ambalo rada iliangalia lilisogea mita 55 kutoka mahali pake. Baada ya saa 20 lilisogea mita 137, na kwa kipimo hicho kombora lingekuwa tayari nje ya eneo linaloangaliwa. Mtambo wa Dhahran ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Saa yake ilikuwa imepotoka kwa karibu theluthi moja ya sekunde, nalo eneo la kuangalia limesogea mita 687. Rada ilitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Dawa ya muda ilikuwa rahisi ajabu: kuzima mtambo na kuuwasha tena. Saa ingeanza upya kutoka sifuri. Kazi hiyo ilihitaji sekunde 60 hadi 90.

Mtambo wa kazi moja, kazi nyingine

Kwa nini waundaji hawakuliona tatizo hilo? Jibu ni kwamba kwa kazi waliyopewa, halikuwa tatizo. Patriot ulibuniwa kwa ajili ya Ulaya, dhidi ya ndege za Kisovieti na makombora yanayoruka kwa kasi isiyozidi mara mbili ya kasi ya sauti. Ulitarajiwa kuhamahama, kukaa mahali pamoja kwa saa chache, kuzimwa, kisha kupelekwa kwingine ili adui asiugundue. Kwa matumizi hayo, saa iliyopunja kidogo haikumdhuru mtu.

Saudi Arabia hali ilikuwa tofauti. Mtambo uliwekwa mahali pamoja, ukaachwa umewashwa mchana na usiku, na ukapewa kazi ya kuzuia Scud linaloruka kwa takriban mara tano ya kasi ya sauti. Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Programu ilikuwa karibu ile ile. Kilichobadilika ni matumizi, na matumizi yalipobadilika, hatari nayo ilibadilika, lakini hakuna aliyerudi kuuliza upya: dhana zilizotumika wakati wa kubuni bado zinafaa?

Kuna jambo jingine. Programu ya Patriot ilirekebishwa zaidi ya mara moja ili iweze kukabiliana na makombora ya kasi. Katika marekebisho hayo, njia bora zaidi ya kubadilisha hesabu za saa iliingizwa katika baadhi ya sehemu za programu, si zote. Mwanahisabati Robert Skeel alieleza mwaka 1992 kwamba kuchanganya huko ndiko kulikoleta madhara: laiti hesabu zote zingekosea kwa kiasi kimoja, kosa lingejifuta lenyewe kwa sehemu kubwa. Kwa hivyo mabadiliko nusu nusu yanaweza kuwa mabaya kuliko kutobadilisha kabisa.

Siku kumi na tano

Sasa tazameni tarehe, maana hapa ndipo penye uchungu.

Tarehe 11 Februari, ofisi ya mradi wa Patriot ilipokea takwimu kutoka Israeli, ambako mtambo huo pia ulikuwa ukitumika. Waisraeli waligundua kwamba baada ya saa 8 mfululizo usahihi ulipungua kwa kiwango kinachoonekana. Waligundua kwa sababu walikuwa wakirekodi utendaji wa mtambo. Kwa upande wa Wamarekani katika Ghuba, makamanda hawakutaka kufunga vifaa vya kurekodi kwa kuhofia kwamba vingeweza kuuzima mtambo ghafla. Kwa hivyo mtumiaji mmoja alikuwa na kumbukumbu, mwingine alikuwa akienda gizani.

Tarehe 16 Februari, programu iliyorekebishwa ilikuwa tayari na ikaanza kusambazwa. Lakini ilibidi isafirishwe kwa ndege na kwa barabara hadi kwa kila mtambo, na wakati ule ulikuwa wa vita.

Tarehe 21 Februari, ofisi ya mradi ilituma ujumbe kwa wote waliokuwa na Patriot. Ujumbe ulisema kwamba kuuacha mtambo umewashwa kwa muda mrefu sana kunaweza kusogeza eneo la kuangalia. Haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kwa mujibu wa ripoti, maafisa waliodhani hivyo waliamini hakuna mtumiaji ambaye angeuacha mtambo umewashwa kiasi cha kufikia hatari hiyo. Hakuna aliyeuliza huko Dhahran umewashwa tangu lini.

Tarehe 25 Februari, Scud lilianguka.

Tarehe 26 Februari, siku iliyofuata, programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran.

Mhudumu aliyepokea ule ujumbe wa tarehe 21 angeufanyia nini? Kwake yeye, saa 10 ni muda mrefu? Saa 50 je? Laiti ujumbe ungeandikwa kwa sentensi moja tu, kwamba mtambo uzimwe na kuwashwa upya kila baada ya saa chache, mambo yangeweza kuwa tofauti. Walioijua hatari walikuwa na namba mkononi. Walioihitaji namba hiyo walipewa maneno.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyebuni mtambo akiwa ofisini hakujua unatumikaje jangwani, na aliyekuwa jangwani hakuambiwa kunguni wamejificha wapi. Udhibiti wa hatari ni kuwakutanisha watu hawa wawili mapema.

Mazoezi yaliyofanana na vita

Kisa cha Dhahran kimesimuliwa kwa urefu kwa sababu kina mafunzo mengi ndani yake. Vingine vitasimuliwa kwa ufupi.

Tarehe 9 Novemba 1979, skrini za NORAD, kituo cha Marekani na Kanada cha kutoa tahadhari ya mashambulizi ya angani, zilionyesha kwamba Muungano wa Kisovieti umerusha makombora mengi ya nyuklia. Ndege za kivita zikaruka. Maafisa wakaangalia setilaiti na rada zenyewe, wakakuta hakuna chochote. Data ya mazoezi ilikuwa imeingia katika mfumo uliokuwa kazini. Baada ya hapo, kituo tofauti cha kufanyia majaribio kilianzishwa ili majaribio yasigusane tena na kazi halisi.

Mwaka uliofuata, mnamo Juni 1980, tahadhari za uongo zilirudi. Safari hii kipande kimoja cha elektroniki chenye bei isiyofika nusu dola kiliharibika. Ikabainika kwamba ujumbe uliokuwa ukitumwa kila mara kupima njia za mawasiliano ulikuwa na umbo lile lile la ujumbe wa shambulio, tofauti ikiwa tu kwamba idadi ya makombora iliandikwa sifuri. Kipande kilipoharibika, sifuri zikawa mbili. Mfumo salama haufanyi ujumbe wa kupima ufanane na ujumbe wa maafa.

Isidhaniwe kwamba hayo yamepitwa na wakati. Tarehe 13 Januari 2018, wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu zao ujumbe wa idara ya maafa kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Ulitumwa wakati wa zoezi. Ujumbe wa kusahihisha ulifika kwenye simu hizo baada ya dakika 38, kwa sababu hapakuwa na utaratibu uliotayarishwa wa kufuta tahadhari iliyotumwa kimakosa. Idara yoyote inayowatumia wananchi ujumbe wa mafuriko, ukame au mlipuko wa ugonjwa inafaa kuyatafakari haya. Kila kitufe cha kutuma kinahitaji njia ya kusahihisha iliyoandaliwa mapema.

Sifuri moja

Mnamo Septemba 1997, meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilisimama baharini karibu na pwani ya Virginia. Meli hiyo ilikuwa ikijaribiwa mfumo mpya wa kompyuta uliokusudiwa kupunguza idadi ya mabaharia. Mhudumu aliingiza sifuri katika nafasi moja ya hifadhidata. Programu ikajaribu kugawanya kwa sifuri, jambo ambalo hesabu hairuhusu. Mtandao wa kompyuta za meli ukaanguka na injini zikapoteza udhibiti. Meli ilikaa bila nguvu kwa karibu saa mbili na dakika 45.

Ni rahisi kumlaumu aliyeandika sifuri. Lakini binadamu atakosea leo, na atakosea kesho. Swali sahihi ni kwa nini programu ilikubali sifuri pale, na kwa nini kosa la nafasi moja liliweza kuvuka hadi kwenye injini. Mfumo uliobuniwa kwa busara hukataa data isiyowezekana, na sehemu moja ikianguka, nyingine huendelea. Mtoza ushuru akiandika herufi mahali pa namba, mashine yake imwambie kosa lake. Isizime malipo ya soko zima.

Skrini isiyosema

Tarehe 3 Julai 1988, meli ya Marekani USS Vincennes iliangusha ndege ya abiria ya Iran Air iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Abiria na wahudumu wote 290 walifariki, wakiwemo watoto 66. Meli ilikuwa na Aegis, mojawapo ya mifumo ya kisasa kabisa ya wakati huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashine ilirekodi sawasawa kuwa ndege ilikuwa ikipanda. Hata hivyo, baadhi ya wahudumu waliripoti kwamba ilikuwa ikishuka kuelekea meli kama ndege ya kivita inayoshambulia.

Data ilikuwa sahihi, kwa nini basi watu wakaisoma visivyo? Skrini kubwa zilizotazamwa na makamanda hazikuonyesha kimo cha ndege. Ilibidi kisomwe kwenye skrini ndogo, na ili kujua kama ndege inapanda au inashuka, mtu alilazimika kulinganisha namba kichwani, huku meli ikiwa katika mapigano na boti za Iran na dakika zikihesabika. Uchunguzi ulipendekeza namna ya kuonyesha kimo itazamwe upya.

Kwa hiyo kuwa na data sahihi hakutoshi. Muuguzi aliye zamu ya usiku na wagonjwa wengi, akilazimika kufungua kurasa nne ili kujua kama mgonjwa ana mzio wa dawa, atafungua mbili. Jambo linaloweza kuua linafaa kuonekana bila kutafutwa.

Dola bilioni moja

Hatari nyingine haimwagi damu, ila humaliza hazina. Jeshi la Wanahewa la Marekani lilianzisha mradi uliojulikana kama ECSS wa kuunganisha shughuli za vifaa na bohari katika mfumo mmoja, badala ya mifumo ya zamani zaidi ya 200. Mnamo Novemba 2012 mradi ulifutwa. Dola bilioni 1.03 zilikuwa zimetumika, na jeshi lilikadiria kwamba ingehitajika dola bilioni 1.1 zaidi ili kupata robo tu ya kilichokusudiwa mwanzoni.

Kamati ya Seneti ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2014. Kwa sehemu kubwa, lawama haikuwa ya kompyuta. Jeshi lilikuwa limenunua programu iliyo tayari, ambayo ilihitaji taratibu za kazi zibadilike. Watu wakang'ang'ania taratibu zao za zamani na kutaka programu ibadilishwe iwafuate. Viongozi wakabadilishana vitini. Mtu anayenunua mfumo mpya huku akikusudia kuendelea na kazi kama jana, amenunua gharama tu.

Namna ya kuidhibiti hatari

Baada ya visa, sasa tiba. Si ngeni wala si siri.

Mwaka 1987, kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Frederick Brooks iliishauri Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu programu za kijeshi. Ilisema matatizo makubwa ya wakati huo yalikuwa ya usimamizi kuliko ya kiufundi. Iliukosoa utaratibu wa kuandika mahitaji yote mwanzoni, kumkabidhi mwanakandarasi, kisha kungoja miaka. Ikapendekeza vielelezo vya mapema na kumshirikisha mtumiaji tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata, Barry Boehm, aliyefanya kazi katika TRW, kampuni iliyounda mifumo ya ulinzi, alichapisha makala kuhusu utaratibu wa kuunda programu kwa mizunguko. Wazo lake ni hili: kazi isipangwe kwa kufuata orodha ya nyaraka, ipangwe kwa kufuata hatari. Katika kila mzunguko watu huuliza ni jambo gani linaweza kutuangusha zaidi, hulijaribu hilo kwanza kwa gharama ndogo, huwaonyesha watumiaji, ndipo huamua kuendelea, kubadilisha au kuacha. Mkulima anayejaribu mbegu mpya kwenye kipande kimoja cha shamba kabla ya kupanda ekari zote anaielewa hekima hii vizuri.

Chombo cha kila siku cha kazi hii ni daftari la hatari. Linaweza kuwa la karatasi au la kompyuta, muhimu ni liwe hai. Kila hatari iandikwe kwa sentensi inayoeleweka. Ipimwe kwa mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na madhara ikitokea. Iandikwe itafanyiwa nini: kuondolewa, kupunguzwa, kuhamishiwa mwingine, au kuvumiliwa kwa kujua. Na kando yake liwe jina la mtu mmoja anayewajibika, pamoja na tarehe. Hatari ya kamati nzima huishia kuwa hatari ya hakuna mtu.

Daftari lisifungiwe kabatini baada ya mfumo kuzinduliwa. Lifunguliwe tena kila jambo mojawapo kati ya haya likitokea: matumizi yakibadilika, idadi ya watumiaji ikiongezeka, mfumo ukiunganishwa na mwingine, au programu ikifanyiwa marekebisho. Dhahran ilikuwa na mabadiliko ya matumizi na marekebisho ya programu kwa pamoja.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Leo kaunti zote 47 zinategemea kompyuta kukusanya mapato, kulipa mishahara, kutunza rekodi za wagonjwa na kuhesabu vifaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 tayari inataka tathmini ifanywe mapema pale ambapo kuchakata data kunaweza kuhatarisha sana haki za watu. Huo ni udhibiti wa hatari kwa mujibu wa sheria. Lakini sheria haiwezi kuuliza kila swali. Kabla ya afisa yeyote kutia sahihi ya kupokea mfumo, na ayaulize haya.

Mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya nani, na ulidhania nini kuhusu umeme, mtandao na watumiaji? Hali hiyo ndiyo iliyoko katika wadi zetu?

Wahudumu wa mashinani wameujaribu kabla ya malipo ya mwisho, au wataukuta siku ya uzinduzi?

Data ya mafunzo imetenganishwa na data halisi, kiasi kwamba mgonjwa wa kubuni hawezi kuingia kwenye orodha ya dawa?

Mtu akiandika namba isiyowezekana, kitatokea nini? Mfumo ukianguka saa nne asubuhi siku ya gulio, kazi itaendeleaje?

Unarekodi utendaji wake? Kumbukumbu hizo zinasomwa na nani?

Na la mwisho, ambalo kwa Dhahran lingekuwa la kwanza: mwanakandarasi akigundua kasoro, habari itamfikia vipi aliye kwenye dirisha la huduma, na kwa siku ngapi? Mkataba useme. Na ujumbe wenyewe uwe na vitu vitatu: kasoro ni ipi, inaanza kudhuru wakati gani au kwa kiwango gani, na mhudumu afanye nini sasa hivi wakati marekebisho yakisubiriwa.

Kuna jambo ambalo fomu na mikataba haviwezi kulileta, nalo ni uhuru wa kusema. Karani wa bohari anayeona namba hazilingani, muuguzi anayeona skrini inachelewa, mtoza ushuru anayejua mashine hukwama kila jioni, hao ndio walio na takwimu kama zile zilizotoka Israeli tarehe 11 Februari. Wakiripoti wakaonekana wakorofi, wataacha kuripoti. Mkuu wa idara na aweke mahali pa kupeleka habari hizo, azisome kila wiki, na amjibu aliyezileta.

Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Kwa watu 28 wa Dhahran, tahadhari ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa na imetumwa. Ilikosa namba moja tu. Kwa hivyo kila anayerudi ofisini leo akiwa na kasoro anayoijua katika mfumo wowote wa kaunti, aiandike kabla ya jioni, aweke namba ndani yake, na aipeleke kwa yule anayeutumia.